Sanduku Lenye Makufuli Matatu

Kila niendapo nyumbani wakati wa likizo watu huniuliza swali moja: "Ukimaliza chuo utafanya kazi gani?" Wenzangu wana majibu mafupi. Huyu atakuwa mwalimu, yule ataajiriwa benki, mwingine anataka mamlaka ya mapato. Jibu langu mimi ni refu. Husema kwamba nataka kuvisaidia vikundi vya wananchi, kama vile vya akina mama, vya wakulima na vya watetezi wa haki, kutumia intaneti katika shughuli zao. Nikishasema hivyo watu hunyamaza, kisha hugeuza mazungumzo. Ni shangazi yangu tu aliyewahi kuendelea. Aliniuliza, "Mwanangu, hiyo ni kazi au ni msaada?"

Siku ile sikuwa na jibu. Katika insha hii nitajaribu kumjibu.

Nimezaliwa na kukulia Busia, mji ulioko mpakani mwa Uganda na Kenya. Upande huu ni Busia, na ukivuka geti upande wa pili ni Busia pia. Wazee wanasema hata neno boda boda lilizaliwa mpakani kwetu, zamani baiskeli zilipokuwa zikibeba abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Nyumbani tunazungumza Kisamia. Lakini sokoni, Mteso akibishana bei na Mjaluo, wanabishana kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwenye mafungu ya dagaa. Ngeli nilikuja kufundishwa baadaye, chuoni Kampala.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha intaneti karibu na kituo cha forodha. Kilikuwa na kompyuta nne na printa moja iliyopenda kumeza karatasi. Tangu nikiwa sekondari nilikuwa nikimsaidia wakati wa likizo. Nilipiga chapa barua, nilijaza fomu, niliwafungulia watu barua pepe. Wateja wetu wengi walikuwa vikundi: vijana wanaoomba fedha za mradi, chama cha watu wenye ulemavu, akina mama wanaouza bidhaa ng'ambo. Mwenyekiti alikuwa akija na barua iliyoandikwa kwa mkono, anakaa nyuma yangu, ananisomea, nami naandika. Nilijua nywila za barua pepe za vikundi vingi vya mjini, kwa sababu mimi ndiye niliyevifungulia. Wakati ule niliona fahari. Sasa nikikumbuka naona aibu kidogo.

Katika kibanda kile nilijifunza pia kwamba intaneti ina wenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 serikali yetu ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu anayetumia mitandao ya kijamii kama WhatsApp na Facebook. Kwa mtu wa mshahara shilingi 200 si kitu, lakini mama anayeuza nyanya kwa mafungu huihesabu. Nilipokwenda nyumbani mwezi wa nane nilikuta vikundi vimerudi kupigiana simu na kutumana watoto. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando.

Januari ya mwaka huohuo wa 2021, jioni ya kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Sisi wa Busia tulikuwa na nafuu, maana mwenye laini ya Kenya alisogea karibu na mpaka akapata mtandao. Nakumbuka nilimwona katibu wa kikundi kimoja amesimama kando ya barabara, ameinua simu juu, anajaribu kutuma ripoti ambayo siku zake zilikuwa zimekwisha. Mafaili yake mengine yote yalikuwa kwenye barua pepe ambayo hakuweza kuifungua.

Nilipofika mwaka wa pili chuoni, mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tuandike kuhusu kazi tunazozitamani. Nilipoanza kusoma niligundua kwamba kazi niliyoifikiria ina historia. Mwaka 2000, hapa Uganda, mashirika kadhaa ya wanawake yaliungana kuanzisha mtandao unaoitwa WOUGNET ili wanawake wapate kutumia kompyuta na intaneti. Miongoni mwa waasisi wake ni Dkt. Dorothy Okello, mhandisi wa umeme na mhadhiri wa Makerere. Nyaya za chini ya bahari hazikuwa zimefika pwani yetu. Zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti, tena kwa bei ghali. Lakini wanawake hawa hawakungoja. Katika wilaya ya Apac, kaskazini mwa nchi, walifungua kituo cha habari wakachanganya vyote: kompyuta, simu za mkononi, redio na hata kaseti, ili mwanamke mkulima apate habari za kilimo kwa njia aliyo nayo.

Nilisoma pia kuhusu jirani zetu. Kenya ilipoingia katika ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wachache walitengeneza programu iliyopokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu na barua pepe, kisha ikazionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi, na baadaye ilitumika katika nchi nyingi za mbali. Nilifurahi sana kuona neno la Kiswahili limesafiri hivyo. Mwalimu alinipa alama nzuri. Nami nikajiona niko tayari kwenda kuwasaidia watu.

Likizo iliyofuata shangazi alinipeleka kwenye kikundi chake. Ni kikundi cha wanawake 28 wanaofanya biashara ndogo ya kuvuka mpaka. Wanapeleka mahindi, maharagwe na mayai, wanarudi na sabuni, mafuta na nguo. Kila Alhamisi saa kumi hukutana chini ya mwembe kuweka akiba na kukopeshana. Vikundi vya namna hii viko kila mahali Afrika sasa. Utaratibu wao ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na kitu chake kikubwa ni sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wamekaa na kila mtu anaona.

Mimi sikuliangalia sanduku. Niliangalia daftari. Lilikuwa daftari kubwa la bluu, limeloa mvua mara mbili, na kurasa nyingine zimeshikana. Mweka hazina alipotaka kujua deni la mtu alifungua kurasa kwa kulowesha kidole, na ubishi ulichukua nusu saa. Nikasema moyoni, hapa ndipo kazi yangu ilipo. Kwa siku tatu nilinakili daftari lote kwenye jedwali la mtandaoni. Niliweka jina la kila mwanachama, hisa zake, mkopo wake, faini zake na siku ya kulipa. Jedwali lilijumlisha lenyewe. Mweka hazina alicheka kwa furaha alipoona.

Kisha nikafanya jambo ambalo chuoni tumefundishwa kuliita uwazi. Nilichukua linki ya jedwali lile nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama ili kila mmoja ajionee. Linki ile ilikuwa inafunguka kwa mtu yeyote aliyeipata. Sikuuliza mtu. Sikuona hata kwamba kuna la kuuliza.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mmoja wa wanachama, mama anayeuza mayai, alikuwa anaweka akiba kwa ajili ya karo ya binti yake aliyekuwa anaingia kidato cha tano. Mumewe hakujua. Hakumficha kwa ubaya. Alikwisha jaribu mara mbili kuweka pesa nyumbani, na mara zote mbili zilikwenda kwenye pikipiki ya mzee ambayo haiponi. Linki ikatoka kwenye simu ya mwanachama mmoja ikaingia kwenye simu ya mwanawe, ikapita kwa jirani, na kabla ya Alhamisi nyingine ikamfikia mume. Aliona jina la mkewe na mbele yake shilingi 640,000. Alimlazimisha mkewe achukue mkopo kwa dhamana ya akiba ile. Pesa zilinunua vipuri. Muhula ulipoanza, binti alibaki nyumbani.

Mama yule hakuja kwenye mkutano, wala wa wiki iliyofuata. Nilikwenda kwake. Alinikaribisha, akanipikia chai, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza. Nilianza kuomba msamaha, akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sikulaumu sana, wewe ni mtoto. Lakini pesa ile niliiweka pale kwa sababu pale pana makufuli matatu. Wewe umeyafungua yote kwa kidole kimoja."

Usiku ule nilifuta linki, lakini kilichokwisha kuonekana hakifutiki. Nilifikiri kurudi Kampala mapema na kumwambia shangazi kwamba chuo kimeniita. Majuto ni mjukuu, mimi niliyapata siku ya tatu tu. Shangazi aliniangalia nikikunja nguo akasema, "Alhamisi utakuja mkutanoni. Ukiondoka sasa, mimi nitakaa wapi?"

Nikaenda. Nilisimama mbele ya wanawake 27 nikaeleza nilichofanya. Mwenyekiti alitoa katiba ya kikundi kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akasoma kifungu kwamba atakayetoa siri za kikundi nje atalipa faini ya shilingi 10,000. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba mimi si mwanachama. Akanijibu, "Uliposhika daftari letu ulikuwa mwanachama." Nilikuwa na shilingi 12,000 za nauli. Nililipa. Mweka hazina aliandika jina langu kwenye daftari la bluu, nami nikaona pesa zangu zikiingia kwenye mfuko wa faini. Siku hiyohiyo kikundi kiliamua kutoa fedha za mfuko wa jamii ili binti aende shule. Alikuwa amechelewa wiki mbili. Kisha mwenyekiti akaniambia, "Sasa kaa, tuendelee na kazi."

Tulianza upya, na safari hii mimi niliuliza tu. Nani anataka kuona nini? Simu yako hushikwa na nani mwingine? Mvua ikinyesha daftari linakaa wapi? Majibu yao yalinifundisha mambo ambayo nisingeyapata kwenye kitabu. Nilikuwa nimependekeza kila mtu atumiwe salio lake kwa ujumbe mfupi. Wanawake tisa walikataa, kwa sababu simu ni moja nyumbani na anayeishika si wao. Basi hao tisa hawatumiwi ujumbe wowote. Vitabu vyao vidogo vya karatasi hubaki ndani ya sanduku, na huvisoma Alhamisi. Jedwali likatolewa mtandaoni likawekwa kwenye simu ya mweka hazina. Mahali pa majina tuliweka namba, na orodha ya majina inakaa kwenye sanduku. Nywila ya jedwali anaijua mweka hazina na katibu. Nilipowaeleza maana ya nywila, mwenyekiti alisema, "Kumbe ni ufunguo wa nne." Tangu siku hiyo hakuna anayeiita nywila. Mimi sikuambiwa ufunguo huo, na sikuuomba.

Daftari la bluu halikutupwa pia. Niliwasimulia yule katibu niliyemwona barabarani mwaka 2021, wakaamua kwamba kila kinachoandikwa kwenye simu kiandikwe kwanza kwenye karatasi.

Baada ya hapo ndipo tulipopata mahali ambapo intaneti iliwafaa kweli, na hapakuwa mahali nilipopafikiria. Tatizo lao kubwa halikuwa hesabu. Lilikuwa mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha uasili palepale mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Wanachama wengi hawakujua. Walikuwa wakipita njia za panya usiku, wakinyang'anywa mizigo na wengine kutukanwa, ili kukwepa ushuru ambao hawakupaswa kutozwa. Maelezo yalikuwepo mtandaoni, kwa Kiingereza kizito, kurasa nyingi.

Niliyasoma, nikayaandika upya kwa Kiswahili, halafu nikaona wengi hawapendi kusoma. Tukayageuza kuwa sauti. Katibu, mwenye sauti nzuri, alirekodi kwenye simu vipande vya dakika moja moja: orodha ya bidhaa, cheti kinapatikana dirisha gani, uulize nini, ukiombwa pesa za pembeni uandike tarehe na saa. Tulirekodi kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee inayowaunganisha wote 28. Sauti zile zilipelekwa kwenye WhatsApp, na wasiokuwa na bando walisikilizishwa chini ya mwembe. Hakuna jina la mtu wala salio la mtu ndani yake. Zikisambaa, ni heri. Mama wa mayai alikuwa wa kwanza kwenda dirishani na trei zake mchana kweupe. Alirudi na kipande cha karatasi, akatuonyesha sote, kisha akakikunja akakiweka kwenye khanga.

Niliporudi chuoni nilitafuta Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019. Kwa kawaida, inasema, huwezi kukusanya taarifa za mtu bila ridhaa yake, na umweleze unazitaka za nini. Nilisoma nikiwa peke yangu maktabani, lakini niliona uso umenipata moto. Katiba ya kikundi, iliyoandikwa kwa mkono ndani ya mfuko wa nailoni, ilikuwa imesema karibu jambo lilelile, na ilikuwa imeshanitoza faini.

Najua kazi hii ina shida zake. Miradi mingi hulipwa na wafadhili kwa mwaka mmoja au miwili. Wataalamu huja, huacha tovuti nzuri, na mradi ukiisha hakuna wa kulipia jina la tovuti, nayo hufa. Baba yangu, ambaye anataka nipate pensheni, hunikumbusha hili kila tukila pamoja, nami sina la kumpinga. Kwa hiyo nimepanga nikihitimu nianze Busia, ambako watu wananijua na wanaweza kuja mlangoni kwangu kuuliza. Ninataka kuandaa mafunzo kwa Kiswahili kuhusu kutunza taarifa za vikundi, kwa sababu niliyoyaona mimi mengi yameandikwa kwa Kiingereza na yanadhani kila mtu ana simu yake mwenyewe. Ninataka pia kujifunza zaidi usalama wa mitandao, ambao bado siujui vya kutosha.

Likizo iliyopita mwenyekiti wa kikundi cha wauza samaki, upande wa Kenya, alinipigia simu. Alikuwa amezisikia zile sauti, akapata namba yangu kwa shangazi. Alitaka niende nikae nao siku mbili. Kabla sijauliza lolote aliuliza yeye, "Unachukua pesa ngapi?" Nilikwama, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitaja nauli na kiasi kidogo juu yake, akakubali. Nilipofika, kitu cha kwanza nilichoomba kuonyeshwa kilikuwa sanduku lao, na watu wanaoshika funguo.

Jioni niliporudi nilimpa shangazi sehemu ya pesa zile, nikamkumbusha swali lake. Nilimwambia kwamba msaada ukiharibika, aliyeutoa huondoka na watu humshukuru hivyohivyo. Kazi ikiharibika, mwenye kazi huulizwa. Nami niliulizwa, na nikatozwa faini mbele ya watu.

"Basi ni kazi," alisema shangazi, akahesabu zile pesa mara mbili kabla ya kuzifunga kwenye upindo wa khanga.